Maswali ya Wasomaji: Je, New Zealand Walidhulumiwa Lord's?

Katika toleo lililopita tulichapisha maelezo mafupi kuhusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi kwa wanaume iliyochezwa tarehe 14 Julai 2019 katika uwanja wa Lord's, jijini London. Uingereza na New Zealand zilitoka sare ya mikimbio, ambayo ndiyo pointi za kriketi, 241 kwa 241, zikatoka sare tena ya 15 kwa 15 katika ova ya ziada, yaani zamu ya mipira 6 kwa kila timu, ambayo wengi huiita supa ova, na hatimaye Uingereza ikakabidhiwa kombe kwa sababu ilikuwa imepiga mipira mingi zaidi iliyofika mpakani mwa uwanja. Hatukutarajia kwamba barua nyingi kuliko zote zingetoka Dodoma na wilaya zake, ambako Jumatatu asubuhi watu huulizana habari za Simba, Yanga na Dodoma Jiji hata kabla ya kujuliana hali. Tumechagua barua nne, na ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kwa kuwa imeuliza kile ambacho wengine wamekigusa pembeni tu.

Ndugu Mhariri, mimi ni fundi umeme, mkazi wa Nkuhungu hapa Dodoma. Kriketi niliipendea Dar es Salaam, nilipokuwa nikifanya kazi Upanga, na timu yangu tangu wakati huo ni New Zealand. Jioni ya fainali ile nilikuwa katika kibanda cha kuonyeshea mpira, ambako wenzangu wote walikuwa wakitazama nusu fainali ya AFCON kati ya Senegal na Tunisia, nami nimejibanza kwenye kona na simu yangu. Mpira uliotupwa na Martin Guptill wetu ulipoligonga gongo la Ben Stokes wa Uingereza na kukimbilia mpakani, nilipiga ukelele, watu wakageuka wakidhani simu yangu imeliona goli kabla ya televisheni yao. Tangu siku ile sijatazama fainali nyingine ya kriketi hadi mwisho. Nauliza: mikimbio 6 waliyopewa Uingereza ilikuwa halali? Inakuwaje timu iliyopoteza wiketi 8, yaani iliyotolewa wapigaji 8, ikashindwa na timu iliyopoteza zote 10? Na je, nina haki ya kuendelea kusema kwamba tuliibiwa, ilhali jirani yangu hunijibu kila tukikutana kwamba kumbukumbu za mashindano hazina safu ya machozi? *Msomaji, Nkuhungu, Dodoma.*

Jibu: Ndugu msomaji, tuanze na ova ya mwisho, maana hasira yako imekita hapo. Uingereza ilihitaji mikimbio 15 katika mipira 6, na mrushaji alikuwa Trent Boult. Katika mipira miwili ya kwanza Stokes hakupata kitu. Wa tatu aliupiga ukavuka mpaka bila kugusa ardhi, ikawa mikimbio 6. Wa nne aliupiga ukabaki ndani ya uwanja, akakimbia mkimbio wa kwanza, akageuka kuufuata wa pili, na Guptill akautupa mpira kutoka mbali ili uvifikie vijiti kabla ya Stokes, maana vikigongwa kabla mpigaji hajafika, hutolewa. Stokes alijirusha chini huku amelinyoosha gongo lake mbele, mpira ukaligonga, ukabadili njia na kwenda moja kwa moja hadi mpakani. Waamuzi Kumar Dharmasena wa Sri Lanka na Marais Erasmus wa Afrika Kusini walishauriana, kisha Uingereza ikaandikiwa mikimbio 6, yaani 2 ya kukimbia na 4 ya mpaka. Deni likashuka ghafla na kuwa mikimbio 3 katika mipira 2.

Sheria za kriketi hutunzwa na klabu ya MCC, ambayo ndiyo hiyo hiyo inayoumiliki uwanja wa Lord's, kwa hiyo waamuzi walikuwa wamesimama, tuseme, sebuleni kwa mwenye sheria. Kifungu cha 19.8 kinaeleza kwamba mpira uliotupwa na mlinzi ukifika mpakani, timu inayopiga hupata 4 za mpaka pamoja na mikimbio ambayo wapigaji wamekwisha kuikamilisha, na mkimbio ambao bado wanaukimbia huhesabiwa tu ikiwa walikuwa wamepishana wakati mpira unatupwa. Picha za marudio zinaonyesha kwamba Guptill alipouachia mpira, Stokes na mwenzake Adil Rashid walikuwa bado hawajapishana katika mkimbio wa pili. Kwa maandishi hayo, hesabu sahihi ilikuwa mikimbio 5, na mpira uliofuata ulipaswa kupigwa na Rashid, si Stokes. Hivyo ndivyo alivyosema Simon Taufel wa Australia, aliyewahi kutangazwa mwamuzi bora wa dunia mara 5 mfululizo, na Dharmasena mwenyewe alikubali baadaye, baada ya kuona marudio ya televisheni, kwamba walikosea, ingawa aliongeza kwamba hajutii uamuzi alioutoa papo kwa papo bila ya marudio hayo.

Kwa hiyo swali lako la kwanza lina jibu fupi: mikimbio 6 haikuwa sahihi. Lakini neno «kuibiwa» halitokani na hapo moja kwa moja. Wizi huhitaji mwizi, na katika tukio lile hakuna aliyekuwa akitafuta cha kuchukua. Stokes aliinua mikono kuomba radhi akiwa bado amepiga magoti. Ni desturi ya wapigaji kutokimbia tena pindi mpira unapomgonga mmoja wao, na kama ungesimama ndani ya uwanja, bila shaka wasingekimbia, ila mpira ukishagusa mpaka mpigaji hana hiari, kwani 4 zinajiandika zenyewe. Tena tusijidanganye kwamba kwa mikimbio 5 New Zealand wangekuwa mabingwa bila ubishi. Uingereza ingehitaji 4 katika mipira 2, mpigaji akiwa Rashid, ambaye japo anajulikana kwa urushaji amewahi kufikisha mikimbio 100 zaidi ya mara moja katika mechi za daraja la kwanza. Mipira miwili ya mwisho ilichezwa kama ilivyochezwa kwa sababu Stokes alijua anadaiwa 3 tu: kila mmoja ulileta mkimbio 1, na kila mara mwenzake aliyekimbilia wa pili, kwanza Rashid kisha Mark Wood, akatolewa kabla ya kufika. Kwa deni la 4 angepiga kwa namna nyingine, na Boult naye angerusha kwa namna nyingine.

Kuna jambo ambalo hukulitaja kabisa, nami nadhani ndilo lililowaumiza zaidi wachezaji wenyewe. Katika ova ya 49 kati ya 50, Uingereza ikihitaji mikimbio 22 katika mipira 9, Stokes alipiga mpira mrefu na Boult akaudaka karibu kabisa na mpaka. Stokes alikuwa ametoka, na kombe lilikuwa likielekea Auckland. Lakini Boult alirudi nyuma hatua moja, akakanyaga mpaka kabla hajampasia mpira Guptill aliyekuwa kando yake, na Guptill, kwa uungwana ambao mimi binafsi sidhani kama ningekuwa nao saa ile, akainua mikono kuashiria kwamba ni 6. Hapo hapakuwa na mwamuzi wa kulaumiwa.

Na ukitaka kufungua daftari la waamuzi, lifungue kuanzia ukurasa wa kwanza. Ross Taylor wa New Zealand alitolewa kwa kosa la mguu mbele ya wiketi, yaani kuuzuia kwa mguu mpira unaoelekea kuvigonga vijiti, kwa mpira ambao marudio yalionyesha ungepita juu ya vijiti, na hakuweza kukata rufaa kwa sababu Guptill alikuwa ameitumia nafasi pekee ya timu kwa ajili yake mwenyewe bila mafanikio. Mpira wa kwanza kabisa wa zamu ya Uingereza ulimpiga Jason Roy mguuni, mwamuzi akakataa kumtoa, New Zealand wakakata rufaa, na marudio yakaonyesha mpira ungevigusa vijiti kwa kiasi kidogo mno kiasi kwamba uamuzi wa uwanjani ulibaki palepale. Mwamuzi angeinua kidole, Roy angekuwa ametoka kwa sifuri. Mambo haya yote mawili yaliwaangukia New Zealand vibaya, na mashabiki wake wengi hawayakumbuki, kwa kuwa hayakutokea katika ova ya mwisho.

Sasa nakuja kwenye swali lako la pili, ambalo ndilo lenye uzito, na hapa nasimama upande wako bila kusita. Kanuni za mashindano zilisema kwamba sare ikitokea hata katika ova ya ziada, mshindi atakuwa yule aliyepiga mipira mingi zaidi ya mpaka katika mechi nzima pamoja na ova hiyo. Uingereza ilikuwa nayo 26, New Zealand 17. Kanuni hiyo haikubuniwa usiku ule, na manahodha wote wawili, Eoin Morgan na Kane Williamson, waliingia uwanjani ikiwa imekwisha kuandikwa, ndiyo maana Williamson hakuilalamikia alipohojiwa. Lakini kuwa imeandikwa mapema hakuifanyi kanuni kuwa ya busara. Mkimbio uliopatikana kwa jasho la kukimbia kati ya mistari miwili una thamani ile ile na mkimbio uliotoka katika mpira wa mpaka, na ubao wa matokeo hauubagui. Ukitaka kipimo cha kutenganisha timu mbili zilizolingana, idadi ya wiketi zilizopotea inaeleweka zaidi, maana wiketi ndiyo mali ambayo kila timu hupewa 10 na kutakiwa kuitunza. Kwa kipimo hicho New Zealand wangekuwa mabingwa, na sidhani kama kuna shabiki wa Uingereza ambaye angeweza kuiita dhuluma.

Kriketi ina historia ya kuamua mambo makubwa kwa vipimo visivyoridhisha. Mwaka 1999, katika nusu fainali ya Kombe la Dunia huko Edgbaston, Australia na Afrika Kusini zilimaliza kwa mikimbio 213 kila moja, baada ya Allan Donald kutolewa katika mkanganyiko wa kukimbia akiwa na Lance Klusener, huku ukihitajika mkimbio 1 tu. Australia ilipita kwa sababu ilikuwa juu zaidi katika msimamo wa hatua iliyotangulia, kisha ikatwaa kombe. Mashabiki wa Afrika Kusini wamelibeba tukio hilo kwa miaka mingi kuliko umri wa baadhi ya wachezaji wanaowashangilia leo. Kwa 2019, Baraza la Kimataifa la Kriketi lilichukua hatua haraka: mwezi Oktoba mwaka ule ule kipimo cha mipira ya mpaka kilifutwa, na katika nusu fainali na fainali ova ya ziada sasa hurudiwa mpaka mshindi apatikane.

Kuhusu jirani yako, mwambie hivi: Uingereza ni bingwa halali wa kanuni mbaya. Sentensi hiyo inampa yeye kombe lake na inakupa wewe hoja yako, na nyote wawili hamtakuwa mmesema uongo. Usimwambie mmeibiwa, maana atakuuliza mwizi ni nani nawe utakosa wa kumtaja. Tena ukipenda mkumbushe kwamba Stokes, aliyepiga mikimbio 84 bila kutolewa na kuchaguliwa mchezaji bora wa fainali, alizaliwa Christchurch, New Zealand. Na fainali usiziache. Mwaka 2021 New Zealand waliifunga India huko Southampton wakiwa wamebakiwa na wiketi 8 na kuwa mabingwa wa kwanza wa dunia wa kriketi ya siku tano, na kama hukuitazama kwa sababu ya kinyongo cha 2019, basi kinyongo hicho kimekugharimu zaidi ya alivyokugharimu Dharmasena.

Shikamoo Mhariri. Naishi Kikuyu, Dodoma. Mume wangu ni mtu wa kiasi katika mambo yote isipokuwa hili. Baada ya kusoma gazeti lenu aliitafuta fainali hiyo na kuitazama upya kwenye simu, akijua fika matokeo yake, na bado alikosa raha hata akaacha ugali na mlenda niliomwandalia. Je, ni kawaida mtu kuugua kwa mechi iliyokwisha zamani? *Mama wa nyumbani, Kikuyu.*

Jibu: Marahaba, dada yangu. Ni kawaida kuliko unavyodhani. Mechi ile ilianza asubuhi ya London na kwisha jioni, na shabiki aliyeitazama yote hakupewa hata saa moja ya kujua kwa hakika kwamba timu yake inashinda au inashindwa, kwa hiyo mwili wake ulikaa katika hali ya kungoja siku nzima. Anapoirudia, anajua matokeo, lakini anajua pia jinsi yalivyokuwa karibu kuwa mengine, na hilo la pili ndilo linalomnyima hamu ya kula. Wachezaji nao hawakusalimika. Jimmy Neesham, aliyeipigia New Zealand katika ova ya ziada, aliandika baada ya mechi akiwashauri watoto wasijiingize katika michezo, bora wajifunze kuoka. Mwekee mumeo mlenda wake ufunikwe vizuri, na usimwambie kwamba ni mchezo tu. Anajua ni mchezo, na ndiyo sababu hana mahakama ya kwenda kushitaki.

Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Kwa heshima zote, sioni kwa nini Mtanzania alilie mchezo wa Waingereza na Wahindi. Mwaka 2019 Taifa Stars ilikuwa imerudi AFCON kwa mara ya kwanza tangu 1980. Machozi yetu hayakutosha huko? *Mwanafunzi, UDOM.*

Jibu: Yalitosha, ndugu yangu, kwani tulipoteza mechi zote tatu za kundi, na faraja pekee ni kwamba wawili kati ya waliotufunga, Senegal na Algeria, ndio waliokutana katika fainali. Lakini hoja yako kuhusu mwenye mchezo haisimami. Katika kikosi cha Uingereza kilichobeba kombe lile, nahodha Morgan alizaliwa Dublin, Stokes alizaliwa New Zealand, na Jofra Archer, aliyekabidhiwa ova ya ziada akiwa kijana wa miaka 24, alizaliwa Barbados. Roy, aliyeutupa mpira uliomtoa Guptill katika mkimbio wa mwisho kabisa, alizaliwa Durban, hapa hapa barani kwetu. Mchezo unaochezwa na watu wa asili hizo zote hauwezi kuitwa wa makabila mawili.

Sisi nasi tumo humo kuliko unavyofikiri. Katika Kombe la Dunia la kwanza la wanaume, mwaka 1975, ilikuwapo timu ya Afrika Mashariki iliyoundwa na wachezaji wa nchi za ukanda huu, Tanzania ikiwemo, na mechi yake ya kwanza ilikuwa dhidi ya New Zealand, iliyoshinda kwa mikimbio 181 huku Glenn Turner peke yake akipiga 171 bila kutolewa. Kenya ilifika nusu fainali mwaka 2003. Uganda ilicheza Kombe la Dunia la ova 20 mwaka 2024 na kuifunga Papua New Guinea. Vijana wetu wa chini ya miaka 19 walifuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la rika lao la mwaka 2026, lililopangiwa Zimbabwe na Namibia. Kwa hiyo fundi wa Nkuhungu hajaazima machozi kwa mtu.

Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari wilayani Mpwapwa. Niliwasomea wanafunzi wangu maelezo yenu, wakauliza maswali mawili yaliyonishinda. Kwanza, kwa nini timu hizo zisingegawana kombe? Pili, kama fainali hiyo ingechezwa kwa kanuni za sasa, nini kingefuata baada ya sare ya 15 kwa 15? *Mwalimu, Mpwapwa.*

Jibu: Mwalimu, kugawana kumewahi kutokea. Mwaka 2002, India na Sri Lanka ziligawana Kombe la Mabingwa huko Colombo baada ya mvua kuikatiza fainali siku mbili mfululizo. Lakini pale mchezo haukuweza kumalizika, ilhali Lord's hali ya hewa ilikuwa nzuri na mwanga ulikuwapo, na watu wangeweza kuendelea kucheza. Mimi nisingependa kombe ligawanywe wakati wachezaji bado wana nguvu za kusimama.

Swali la pili linafurahisha zaidi, na wanafunzi wako wanaweza kulifanyia kazi ubaoni. Kwa kanuni za sasa ingechezwa ova ya pili ya ziada. Timu iliyotangulia kupiga katika ova iliyopita sasa hupiga baadaye, kwa hiyo New Zealand, waliokuwa wamefuata, wangetangulia. Mrushaji aliyerusha ova iliyotangulia haruhusiwi kurusha inayofuata, kwa hiyo Archer angekaa pembeni kwa Uingereza, na Boult kwa New Zealand. Mpigaji aliyekwisha kutolewa katika ova ya ziada haruhusiwi kurudi kupiga, jambo ambalo lingemwondoa Guptill, lakini Neesham, aliyekuwa amekusanya mikimbio 13 bila kutolewa, angeweza kurudi. Stokes na Jos Buttler, ambao hawakutolewa, nao wangeruhusiwa kurudi kwa upande wa Uingereza. Waulize wanafunzi wako ni nani wangemkabidhi mpira: Uingereza ilikuwa na Chris Woakes na Liam Plunkett, waliochukua wiketi 3 kila mmoja katika mechi, na New Zealand ilikuwa na Lockie Ferguson, aliyechukua 3 na ambaye kasi yake ilikuwa imewasumbua Waingereza mchana kutwa. Mimi ningemchagua Ferguson.